Alfajiri ya Dhahabu: chama kilichogawa viazi, kikaingia bungeni, kikaishia jela (uzi mrefu, leteni viti)

BahariaMstaafu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye ule uzi wa Giannis Antetokounmpo kuna kijana aliuliza swali, watu wakalipita kama hawalioni. Inakuwaje mtu kazaliwa Athens, kasoma Athens, kajifunzia mpira wa kikapu Athens, halafu uraia wa Ugiriki anakuja kuupata Mei 2013 akiwa na miaka 18, mwezi mmoja na ushee kabla ya kuchaguliwa NBA? Nilianza kumjibu palepale, jibu likanenepa, nikaona nilifungulie uzi wake.

Jibu fupi: kuzaliwa Ugiriki hakukufanyi Mgiriki. Wazazi wake walitoka Nigeria, makaratasi hawakuwa nayo. Jibu refu linaanzia siku alipoalikwa na waziri mkuu kwenda kupongezwa, na kiongozi wa chama kimoja akaenda kwenye televisheni kumfananisha na sokwe. Na huyo hakuwa mlevi wa kijiweni. Alikuwa mbunge anayelipwa na serikali, na nyuma yake ana wabunge wengine 17.

Chama chenyewe ni Chrysi Avgi, kwa lugha yetu Alfajiri ya Dhahabu. Mimi niliishi Athens kuanzia 2008 mpaka 2015, chumba kimoja nyuma ya uwanja wa Plateia Amerikis, kwa hiyo baadhi ya haya niliyaona kwa macho. Nilifikaje kule si mada ya leo. Wazamiaji wenzangu wanajua, wasiojua waendelee kuamini nilipanda ndege.

Nitashusha kwa vipande, niko zamu ya usiku.

Kibonge wa Tandale

Kiti kipo, kahawa ipo, kashata ipo. Tiririka mkuu.

MzukaMtupu

Fupisha basi, wengine bando letu la mia tano.

BahariaMstaafu

Ufupi huu hapa: walikuwa wachache, wakawa wengi, wakaua, wakafungwa. Bando lako limesalimika, nenda kaangalie mpira. Sisi tuendelee.

Mwasisi ni Nikolaos Michaloliakos, msomi wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Athens. Ugiriki ilitawaliwa na makanali wa jeshi kuanzia 1967 hadi 1974. Utawala ule ulipoanguka wakubwa wake wakafungwa, na huyu kijana naye miaka ile ya sabini akaingia jela kwa kesi zake, mojawapo ya milipuko. Humo ndani akakutana nao. Kuna watu jela huwatoa wezi wakubwa zaidi, huyu ilimtoa na itikadi.

Desemba 1980 akaanzisha jarida kwa jina hilohilo la Chrysi Avgi. Lilikuwa linamsifia Hitler waziwazi, bila kuzunguka mbuyu. Na hii ni nchi ambayo Wajerumani waliikalia kuanzia 1941, na maelfu ya watu wakafa kwa njaa pale Athens majira ya baridi ya kwanza tu. Kumsifia Hitler Ugiriki ni sawa na mtu wa Songea amsifie aliyewanyonga wazee wa Maji Maji. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 25 watu wa kawaida waliwaona vichekesho: wanaume wachache wenye fulana nyeusi, bendera yenye nakshi ya kale ya Kigiriki inayofanana mno na swastika, na kila ukiwauliza wanakuambia hapana, hiyo ni ya mababu zetu.

Uchaguzi wa 2009 walipata asilimia 0.29. Kura elfu 19 na ushee nchi nzima. Uchaguzi wa Mei 2012: asilimia 6.97, zaidi ya kura laki nne, wabunge 21 kati ya 300.

Hapo katikati ni miaka mitatu tu.

DadaZuhura_Tanga

Miaka mitatu? Walifanya nini, walimwaga hela?

BahariaMstaafu

Hela hawakuwa nazo, dada. Waliokota walipokimbia wengine.

2010 Ugiriki ilishindwa kulipa madeni ikakopeshwa kwa masharti. Wasimamizi walikuwa watatu, Tume ya Ulaya, Benki Kuu ya Ulaya na IMF, wenyeji wakawaita Troika. Sisi tuliokulia enzi za masharti ya IMF miaka ya themanini tulikuwa tunatazamana tu: kumbe na huku! Pensheni zikakatwa, kisha zikakatwa tena. Februari 2012 kima cha chini cha mshahara kilishushwa kutoka euro 751 hadi 586, na kwa walio chini ya miaka 25 chini zaidi ya hapo. Aprili mwaka huo mzee mstaafu, mfamasia wa miaka 77, akajipiga risasi uwanja wa Syntagma mbele ya Bunge. Mwaka uliofuata wasio na kazi walifika asilimia 27. Vijana ndiyo usiseme.

Sasa katikati ya hayo, weka wahamiaji. Sheria ya Ulaya ilisema ukiingilia nchi ya kwanza, huko huko ndiko kesi yako ya hifadhi inakosikilizwa. Watu wakavuka mto Evros kutoka Uturuki wakitaka Ujerumani, wakakwama Athens. Waafghani, Wapakistani, Wabangladeshi, Wasomali, na sisi. Wote tumebanana mitaa ileile: Omonia, Victoria, Attiki, Agios Panteleimonas, Kypseli. Wagiriki wenye uwezo wakahamia pembeni, wakabaki wazee wenye nyumba zilizoshuka bei na vijana wasio na nauli ya kuhama.

Na tusidanganyane, uhalifu ulikuwepo. Mei 2011 Mgiriki mmoja alikwenda kuchukua gari ampeleke mkewe hospitali kujifungua, vibaka wahamiaji wakamuua kwa ajili ya kamera ya video. Nchi ilitetemeka, na ilikuwa na haki ya kutetemeka. Ila siku zilizofuata mtu yeyote mweusi au mwenye sura ya Asia katikati ya Athens alikuwa halali ya kupigwa. Kijana wa Bangladesh wa miaka 21, asiyehusika na lolote, alichomwa kisu akafa.

Mwaka huohuo, usiku, vijana watano wenye fulana nyeusi walinikimbiza kutoka kituo cha treni cha Attiki mpaka barabara ya Patission. Niliokolewa na basi la umeme, lile la njano, dereva alifungua mlango katikati ya barabara, akaufunga, akaondoka bila kuniuliza tiketi. Vijana wale sikuwauliza kadi ya chama. Tangu siku hiyo nikawa nashukia Victoria, natembea dakika kumi zaidi.

Mkulima_wa_Alizeti

Kwa heshima mkuu, kila nchi ina haki ya kulinda mipaka yake. Hata hapa kwetu tunawarudisha wasio na vibali. Mtu akisema wageni wamezidi ndiyo awe Mnazi?

BahariaMstaafu

Swali zuri na sikatai sehemu ya kwanza. Ugiriki ilikuwa na vyama vingine vilivyosema wageni wamezidi, vikaingia bungeni, na hakuna aliyefungwa kwa hilo. Serikali yenyewe Agosti 2012 ilianza operesheni ya kukamata wasio na vibali mitaani, ikaipa jina Xenios Zeus. Zeus Xenios kwa Wagiriki wa kale ni Zeus mlinzi wa wageni. Mpaka leo namtafuta aliyechagua lile jina, nimnunulie soda.

Tofauti ya Alfajiri ni hii: mchana walikuwa chama, usiku walikuwa kikosi. Nitafika huko. Kwanza nimjibu dada Zuhura kuhusu hela, maana hapa ndipo penye utamu wenyewe.

Bibi mwenye nyumba wangu alikuwa na miaka sabini na kitu, mjane, goti bovu. Pensheni yake ilikatwa mara mbili nikiwa pale. Alikuwa anaogopa kwenda mashine ya benki peke yake. Polisi ukiwapigia hawaji, au wanakuja kesho. Ukipigia ofisi ya Alfajiri wanakuja vijana wawili, wamenyoa, wana adabu, wanamwita bibi, wanamsindikiza mpaka mashine na kumrudisha. Taa ya ngazi ikiungua wanabadilisha. Hiyo ndiyo ilikuwa kampeni yao. Sikumbuki kusikia hotuba hata moja ya sera.

Halafu wakaanza kugawa chakula. Tambi, mafuta, maziwa, viazi. Foleni ndefu, na mezani unaonyesha kitambulisho. Kwa Wagiriki tu. Wakatangaza hata damu, benki ya damu ya Wagiriki kwa ajili ya Wagiriki. Meya wa Athens, Giorgos Kaminis, mwaka 2013 aliwapiga marufuku wasigawe chakula Syntagma, polisi wakatumia mabomu ya machozi, na mbunge wao mmoja akajaribu kumpiga meya, ngumi ikamkuta mtoto wa kike.

Siku moja bibi karudi na mfuko wa viazi. Jioni anagonga mlango wangu na sahani: viazi vya oveni, limao, oregano, vimekaukia pembeni vile inavyotakiwa. Nikamuuliza, bibi, hivi si vile vya Wagiriki tu? Akanitazama kama nimeuliza swali la kitoto. "Wewe siyo wale," akasema. "Kula vingali moto."

Nikala. Wakuu, mimi nimekula viazi vya Wanazi na vilikuwa vitamu.

Kibonge wa Tandale

😂😂 Hapo kwenye oregano nimemeza mate. Endelea.

MzeeWaUsaRiver

Niingilie kidogo. Mimi Wagiriki nawajua tangu utoto. Walilima mkonge, kahawa huku kwetu kaskazini, tumbaku Iringa. Shule ya St. Constantine hapa Arusha ilianza kama shule ya watoto wao. Na nyie wa Dar mnaopita Mnazi Mmoja kila siku, ule ukumbi mnaouita Anatoglo ni wa jina la George Arnautoglu, Mgiriki. Walikuja maskini wengi wao, hawakuulizwa kitambulisho kwenye foleni ya viazi.

BahariaMstaafu

Shikamoo mzee. Nilimsimulia bibi habari ya Anatoglo. Akaniuliza kama ukumbi huo una kiyoyozi.

Tuendelee, 2012. Huu ndio mwaka wao.

Usiku wa matokeo ya Mei waandishi wa habari waliitwa mkutanoni, na kiongozi alipoingia, jitu la miraba minne likawaamuru wote wasimame kwa heshima. Waliokataa wakatolewa. Serikali haikuundika, ukaitishwa uchaguzi wa pili Juni. Siku kumi kabla ya kura, msemaji wao Ilias Kasidiaris akiwa kwenye kipindi cha asubuhi, mubashara, alimmwagia maji mbunge mwanamke wa mrengo wa kushoto, kisha akamzaba makofi mwingine wa chama cha kikomunisti, kofi la kwanza, la pili, la tatu. Hati ya kumkamata ikatolewa, akajificha mpaka muda wake ukapita.

Sisi wageni tulifurahi. Tulikaa kinyozi kwa Mnigeria tukasema sasa wamekwisha, nani atampigia kura mtu anayepiga wanawake kwenye televisheni? Matokeo: 6.92. Walipoteza punje. Nilijifunza siku hiyo kutotabiri siasa za watu.

Baada ya kuingia bungeni ndipo mambo yakaharibika. Septemba mbunge wao akiwa na vijana alikwenda soko la usiku la Rafina, akaanza kukagua leseni za wachuuzi weusi na kuvunja meza zao, kamera zinarekodi. Mbunge mwingine akafanya hivyohivyo Mesolongi. Mbunge anakagua leseni! Mgambo wa jiji wenyewe huwa na kitambulisho. Mtandao wa kurekodi ukatili wa kibaguzi, ulioanzishwa na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa na wenzake, uliandika matukio 154 mwaka huo mmoja, na hayo ni ya waliothubutu kusema. Ukiwa huna kibali ukienda polisi kushtaki, unabaki wewe ndani.

Tarehe 25 Septemba 2012 ikawa zamu yetu. Kundi kubwa, baadhi wakiwa na fulana za chama, lilishambulia ofisi ya jumuiya ya Watanzania pale mtaani. Mimi nilikuwa kazini, napakua makreti sokoni. Nimefika jioni nakuta watu wamesimama barabarani, wanaongea kwa sauti ya msibani. Siku chache baadaye Wagiriki wapinga ufashisti wakaja na msafara wa pikipiki kuzunguka mitaa yetu kutuonyesha kuwa hatuko peke yetu. Kukatokea vurugu na watu wa Alfajiri, 15 kati ya wenye pikipiki wakakamatwa, na wakaeleza kuwa waliteswa makao makuu ya polisi.

Mwanasheria_Kijiweni

Kwa hiyo polisi walikuwa upande wao?

BahariaMstaafu

Siyo wote, na nitakuja kukuonyesha askari mmoja aliyefanya kazi yake. Lakini vituo vya kura karibu na makao makuu ya polisi, ambako askari wengi walipigia, asilimia za Alfajiri zilikuwa juu mno kuliko wastani wa jiji. Waandishi walizichambua, na wala haikuwa siri.

Sasa nieleze vifo viwili. Hapa naomba utani upungue.

Tarehe 17 Januari 2013, saa tisa usiku hivi, kijana Mpakistani wa miaka 27, Shehzad Luqman, alikuwa anaendesha baiskeli mtaa wa Petralona kwenda kazini kwenye soko la mtaani, yale ya mboga wanayoyaita laiki. Wawili wenye pikipiki wakamchoma visu. Hawakumjua, hawakumwibia. Walikamatwa usiku uleule, na nyumbani kwa mmoja wao vikakutwa vipeperushi vya Alfajiri. Baadaye walihukumiwa maisha.

Mimi nilikuwa nakwenda sokoni saa hizohizo. Baiskeli pia. Wiki ile niliacha baiskeli, nikawa natembea na Mmisri mmoja tunayefanya naye kazi, kila mmoja anadhani mwenzake ndiye mlinzi.

Chama hakikuguswa. Kiongozi hakuitwa hata kuulizwa. Tuliambiwa ni kesi ya vijana wawili.

Miezi minane baadaye, usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 2013, Pavlos Fyssas, Mgiriki wa miaka 34, rapa wa mtaani aliyejiita Killah P, alikuwa mkahawani Keratsini, karibu na bandari ya Piraeus, anaangalia Olympiacos ikifungwa na PSG. Watu wa Alfajiri wakamwona. Simu zikapigwa, ujumbe ukatumwa kwa wanachama wa tawi la Nikaia wakusanyike haraka, na kwa muda mfupi kundi likafika. Akatokea mmoja na gari, Giorgos Roupakias, akamchoma kisu kifuani. Fyssas alikufa, lakini kabla hajafa alimwonyesha askari kwa kidole: ni yule. Na askari, mwanamke, akamkamata palepale. Ndiye huyo niliyewaahidi.

Siku kumi baadaye, Septemba 28, Michaloliakos na wabunge wake kadhaa walitiwa pingu. Tangu demokrasia irudi 1974 haikuwahi kutokea kiongozi wa chama cha bungeni kukamatwa hivyo. Wiki chache mbele Bunge likawakatia ruzuku.

Sisi mtaani tulikuwa na furaha yenye mchanga ndani yake. Mpakistani mmoja wa duka la simu alisema neno moja tu: "Januari?" Hakuna aliyemjibu.

DadaZuhura_Tanga

Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili. Basi hapo ndipo chama kikafa?

BahariaMstaafu

Ungedhani hivyo, dada. Mimi pia, pamoja na somo la kinyozi.

Mei 2014, uchaguzi wa Bunge la Ulaya, viongozi wako mahabusu: asilimia 9.39, nafasi ya tatu, wabunge watatu Brussels. Januari 2015: asilimia 6.28, nafasi ya tatu tena. Septemba 2015, siku chache kabla ya kura, Michaloliakos akasema redioni kwamba kifo cha Fyssas wanabeba jukumu lake la kisiasa, la jinai hawalibebi. Yaani alikiri nusu. Wakapata 6.99, zaidi ya mwanzo! Mwaka huohuo mimi nilifunga virago.

Kwa hiyo anayekuambia Wagiriki waliamka baada ya kifo cha Fyssas, mwambie aangalie namba.

Mwanasheria_Kijiweni

Niongezee la kisheria kwa sababu nililifuatilia. Katiba ya Ugiriki haikuwa na kifungu cha kufuta chama kama Ujerumani. Waendesha mashtaka wakapita mlango mwingine: kifungu cha 187 cha sheria ya jinai, kundi la uhalifu, kilekile cha magenge. Maana yake hawakuhukumu mawazo. Ilibidi wathibitishe kwamba shambulio la wavuvi Wamisri pale Perama Juni 2012, la wanachama wa chama cha wafanyakazi cha wakomunisti Septemba 2013 na mauaji ya Fyssas yana mnyororo mmoja wa amri kutoka juu kwenda chini. Ndiyo maana ikachukua muda.

BahariaMstaafu

Ahsante wakili, umenipunguzia kuandika. Mnyororo ulipatikana kwenye simu zao wenyewe: video za mazoezi, picha za saluti, jumbe. Watu waliokuwa wakikana kila wakiulizwa walishindwa kufuta kumbukumbu za simu.

Kesi ilianza Aprili 20, 2015, ndani ya gereza la Korydallos. Washtakiwa 68, vikao zaidi ya 450. Leo hakimu hayupo, kesho mawakili wamegoma, keshokutwa ukumbi haupo. Na karibu kila kikao alikaa mama mmoja amevaa nyeusi, Magda Fyssa, mama wa marehemu. Miaka mitano na nusu anaketi mita chache kutoka kwa watu wale. Wazazi wa Luqman nao walisafiri kutoka Pakistan kwenda kwenye kesi ya mtoto wao. Mimi nikisikia watu wanasema nani aliiangusha Alfajiri, wanataja waziri huyu, sera ile, namfikiria yule mama na kiti chake.

Huku nje chama kikawa kinavuja taratibu. Ruzuku hakuna. Kesi ikawanyima usiku, vikosi vikaacha kutembea, na bila vikosi hakuna wa kumsindikiza bibi benki. Mgogoro wa jina la nchi jirani ya Macedonia ukawapa vyama vingine nafasi ya kupiga ngoma ileile ya uzalendo bila visu, na kikatokea chama kipya cha kulia, Suluhisho la Kigiriki, kikawachukua wapiga kura. Julai 2019 Alfajiri ilipata asilimia 2.93. Kizingiti ni 3. Wakakosa kiti hata kimoja. Miezi miwili baadaye makao makuu yao barabara ya Mesogeion yakafungwa.

Desemba 2019 mwendesha mashtaka alipendekeza viongozi waachiwe kwa kosa la kuongoza kundi la uhalifu, kwamba amri ya moja kwa moja haikuthibitika. Tulikata tamaa. Lakini Oktoba 7, 2020, maelfu ya watu wakiwa nje barabara ya Alexandras, jaji Maria Lepenioti akasoma: Alfajiri ya Dhahabu ni kundi la uhalifu. Adhabu zikafuata siku chache baadaye: Roupakias maisha. Michaloliakos miaka 13 na nusu. Mmoja, Ioannis Lagos, alikuwa mbunge wa Ulaya, akarudishwa kutoka Ubelgiji mwaka uliofuata. Naibu kiongozi Christos Pappas alitoroka miezi kadhaa, akakamatwa Athens yenyewe, hakwenda mbali.

Mkulima_wa_Alizeti

Nakubali kujifunza mkuu. Kwa hiyo imeisha?

BahariaMstaafu

Jina limeisha. Kasidiaris alianzisha chama kingine 2020, kabla hajafungwa, na 2023 Mahakama ya Juu ikakizuia kugombea. Akiwa gerezani akawaambia watu wake wapigie kikundi kinachoitwa Wasparta, ambacho wiki tatu kabla hakuna aliyekijua. Wabunge 12. Zaidi ya hapo nisiongeze, maana naona mnaanza kusinzia.

Kibonge wa Tandale

Hatusinzii. Bibi je? Bibi wa viazi alisemaje siku ya hukumu?

BahariaMstaafu

Nilijua mtaniuliza.

2012 aliwapigia, aliniambia mwenyewe, jikoni kwake. 2014, baada ya Fyssas, nilimuuliza tena. Alikuwa anakuna jibini. Akasema wale vijana waliobadilisha taa hawakuua mtu yeyote. Sikubishana, kodi ya mwezi ule nilikuwa sijalipa.

Oktoba 2020 niko hapa Tanga, nimeona hukumu kwenye simu, nikanunua vocha nikampigia. Alipokea mlio wa pili. Tukasalimiana kwa Kigiriki changu kilichoota kutu, akaniuliza kama nimeoa. Nikamwambia nimeona habari za mahakamani. Akasema ndiyo, televisheni nzima ni hiyo tu, vizuri wamefungwa, walikuwa watu wabaya. Kisha akasema yeye hajawahi kuwapigia kura. Maisha yake yote, hata mara moja.

Nikamuuliza goti linaendeleaje.

Kibonge wa Tandale

Likoje?

BahariaMstaafu

Baridi ikija linamsumbua. Haya, zamu yangu imeisha, nalala.